Tupeane uzoefu: umehamia Nairobi na vitabu vyako, unajipangaje?

MwanaKurasa
Habari za jioni, wasomaji wenzangu. Watu wanazidi kuhamia Nairobi kwa kazi na masomo, na maswali ni yale yale: vitabu nitavifikishaje, nitavipata wapi vingine, nitasoma saa ngapi? Tukusanye majibu hapa. Ombi langu ni kwamba tuache kusimuliana maisha yetu, tuandike yanayofanyika: kipimo, njia, mahali panapoharibika na sababu yake.

Naanza na usafiri, maana huko ndiko vitabu vingi huharibikia. Usivitie kwenye gunia. Gunia halina pembe, kwa hiyo vitabu hugongana kila basi linaporuka tuta na kona za majalada husagika. Tafuta katoni za karatasi za kuchapia, zile za rimu tano za A4. Zimetengenezwa kubeba kilo 12 na nusu na zina kifuniko chake. Maduka ya fotokopi huwa nazo nyingi. Katoni moja huchukua riwaya za jalada jepesi kama 35 hivi. Tandika kipande cha turubai jepesi ndani kwanza, kwa sababu buti la basi hulowa. Vitabu vizito viwe chini. Kitabu kilale, au kisimame mgongo ukiwa chini. Kamwe mgongo usiwe juu, kwa kuwa uzito wa kurasa huning'inia na kuivuta gundi mpaka mwili wa kitabu unachomoka kwenye jalada. Nafasi zinazobaki zijaze magazeti yaliyokunjwa. Katoni ikicheza ukiitikisa, bado hujamaliza kufunga.

Jina na namba ya simu viandikwe ubavuni pande mbili. Juu hapasaidii, maana juu patawekwa mzigo mwingine.

FundiRafu
Umesema vyema. Zikishafika, zisikae sakafuni. Nyumba za kupanga nyingi hazikuruhusu kutoboa ukuta, basi jenga rafu isiyohitaji msumari. Nunua mbao za saipresi za inchi 8 kwa 1, futi 12 kwa jumla, uombe zikatwe vipande vitatu vya futi 4 na kupigwa randa pande zote. Soko la Gikomba wanakata na kuranda hapo hapo. Kisha tafuta vipande tisa vya mawe ya kujengea ya 6 kwa 9. Vifunge magazeti ili visimwage vumbi, uvisimamishe inchi 9 ziwe kimo. Kila ubao ukalie mawe matatu, mawili kwenye ncha na moja katikati.

Jiwe la katikati watu hulidharau, halafu wanashangaa ubao kupinda. Mita moja ya vitabu hufika kilo 20 hadi 30. Ubao wa inchi moja usioshikiliwa kwa zaidi ya sentimita 80 hivi hulegea polepole, na ukishalegea haurudi. Ngazi tatu zinatosha. Ukiongeza ya nne bila kuifunga ukutani, mtoto anaweza kuiangusha. Acha sentimita 5 kati ya rafu na ukuta ili hewa ipite.

Bi_Mkutubi
FundiRafu, hizo sentimita 5 zina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi na jua halionekani sawasawa. Ukuta wa nje hutoa unyevu, na vitabu vilivyoegemezwa hapo hushika ukungu upande wa nyuma usiouona. Kila mwezi wa miezi hiyo, toa vitabu vitano kutoka pembe ya chini ya rafu, uvinuse na kutazama makali ya kurasa. Ukiona madoa ya kijivu au kijani, usifute kwa kitambaa kibichi. Utaupaka ukungu ndani zaidi ya karatasi. Kiache kitabu kwanza kikauke kabisa mahali penye hewa, kisha toka nje, ziba pua na mdomo, upanguse kwa brashi laini iliyo kavu.

Nitarudi na habari za maktaba, nimeona wengi wataziuliza.

Inama_Daily
Mimi nazungumzia vitabu vya kando ya njia. Wageni, hivi vibanda tunaviita "inama" kwa sababu vitabu hutandazwa chini na huna budi kuinama. Utavikuta barabara ya Tom Mboya, Moi Avenue na vichochoro vinavyoelekea Latema Road. Kitabu kile kile mara nyingi ni nafuu mno kuliko dukani, ila lazima ujue kukikagua. Usione haya kuchukua dakika mbili. Muuzaji wa kweli anakuheshimu zaidi ukikagua.

Kishike mgongo kwenye kiganja, ukiachie kifunguke chenyewe. Kikifungukia mahali pamoja kwa nguvu, gundi imeshakatika hapo. Kisha tazama makali ya juu kana kwamba unatazama matofali. Kurasa hushonwa au kugandishwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likiwa limechomoka kabisa utaona ufa mwembamba au mteremko. Watu huangalia ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Kinachopotea sana ni katikati, kwa hiyo ukikuta ufa, soma namba za kurasa pande zote mbili zake. Nusa. Harufu ya vumbi si neno. Harufu ya chumba kilichofungwa ni ukungu, nao utahamia kwa vitabu vingine. Mwisho tazama mihuri. Ukiona muhuri wa shule au wa maktaba ambao haujafutwa rasmi, kirudishe chini. Kuna mtoto mahali fulani anayekihitaji.

Majira nayo yana maana. Januari wauzaji wengi huweka vitabu vya shule mbele, na riwaya hurudi ndani ya magunia. Februari na kuendelea ndipo riwaya hutandazwa tena, na bei huwa na huruma.

Chiriku_wa_Umoja
Na vile vipya vinavyouzwa bei ya kutupa, vimefungwa nailoni kabisa? Nitajuaje kama ni vya wizi wa hakimiliki?

Inama_Daily
Chiriku, hasa kwa vitabu vinavyotahiniwa shuleni, anza na jalada. Nakala ya kuibia hupigwa picha kutoka nakala nyingine, hivyo herufi ndogo za nyuma huwa zimefifia pembeni na rangi za uso wa mtu huelekea wekundu au ubluu. Ndani, maandishi hupanda na kushuka: ukurasa mmoja una ukingo mpana juu, unaofuata umebanwa. Halafu linganisha ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, iliyo juu ya mistari myeusi ya nyuma na ile ya ukurasa wa hakimiliki. Lazima zifanane. Kitabu cha mchapishaji wa Kenya huwa na 9966 au 9914 baada ya 978, na cha Tanzania 9976, 9987 au 9912. Vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10 badala ya 13, usivishuku kwa hilo.

Nakuomba usikinunue cha kuibia hata kama ni nusu bei. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa asilimia ndogo ya kila nakala, na hapo hapati hata senti.

Bi_Mkutubi
Nimerudi. Maktaba basi.

McMillan iko Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka 1958. Ukipanda zile ngazi, likumbuke hilo. Ina matawi mawili Eastlands, Kaloleni na Makadara, na yote mawili yamekarabatiwa vizuri na shirika la Book Bunk. Anayeishi Buruburu, Jericho au Umoja hana haja ya kupambana na foleni ya katikati ya jiji ili apate meza ya kusomea.

Maktaba Kuu ya Huduma ya Taifa ya Maktaba (KNLS) iko eneo la Community, Upper Hill, na tawi jingine liko Buruburu. Beba kitambulisho, na mkoba utauacha mlangoni, kwa hiyo chukua kalamu, daftari na simu mkononi kabla ya kufika kwenye kaunta. Wanafunzi hujaa mitihani inapokaribia. Fika mapema asubuhi kama unataka kiti cha dirishani. Katikati ya jiji kuna pia maktaba za Goethe-Institut na Alliance Française, zote karibu na kona ya mitaa ya Monrovia na Loita. Ni ndogo, lakini zimetulia.

Nawasihi wageni msifanye maktaba kuwa mahali pa kuazima tu. Ukipanga chumba kimoja penye kelele, meza ya maktaba ndiyo sebule yako.

Abiria58
Haya, saa za kusoma. Jiji hili linakula muda, ila linakula mahali fulani: stejini na kwenye foleni. Ukurasa wa riwaya wa maneno 250 hadi 300 ni dakika moja na nusu kwa msomaji wa kawaida. Dakika 30 kwenda na 30 kurudi ni kurasa 40, na siku tano za kazi ni kurasa 200. Hiyo ni riwaya nzima ya Kiswahili kwa wiki, bila kugusa usingizi.

Muda mtamu kuliko wote ni pale gari linaposubiri kujaa. Limesimama, kichefuchefu hakuna. Likianza kukimbia funga kitabu, utazame mbali, ufungue tena likikwama. Anayesoma huku gari likipiga kona hutapika, kwa sababu jicho linaiambia akili "tumetulia" na sikio la ndani linasema "tunakwenda". Kaa viti vya katikati, mbali na spika ya nyuma na mbali na mlango ambapo makanga hupita juu yako kila steji. Nauli ishike mkononi kabla ya kufungua kitabu.

Kama unasomea simu, usikae dirishani kioo kikiwa wazi. Simu hunyakuliwa kwenye foleni kwa sekunde moja. Kitabu cha karatasi hakuna anayekinyakua. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro kumi mwaka mzima, na taa za rangi za ndani hazisomeki, kwa hiyo safari ya usiku ipangie kitabu cha kusikiliza au kutafakari tu ulichosoma asubuhi.

Taa_ya_Chemli
Ya nyumbani kwa ufupi: balbu ya LED ya wati 5 hadi 7, mwanga wa joto, yaani wa umanjano, wa Kelvini 2700 hadi 3000, iwe nyuma ya bega la mkono usioandikia. Stima ikipotea, taa ya kuchaji. Mshumaa karibu na rafu, hapana.

Chiriku_wa_Umoja
Mvua je? Kitabu kikilowa ndani ya mkoba?

Bi_Mkutubi
Una saa 48 kabla ukungu haujaanza. Usikianike juani wala usikipige pasi. Karatasi hujikunja na gundi hupasuka. Weka karatasi za tishu kila baada ya kurasa 10 hadi 15, ukisimamishe wima kimefunguka kama feni, na ubadilishe tishu kila zinapolowa. Kikifikia hali ya ubaridi tu mkononi, kilaze chini ya vitabu vizito siku mbili ili kurasa zake zinyooke. Kurasa za kung'aa zitenganishe mara moja, zikikauka zimeshikana hazitengani tena. Ukiwa huna nafasi siku hiyo, kitie kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko na ukiweke kwenye friza. Hapo umejinunulia muda.

Friza hiyo hiyo inafaa kwa vya inama unavyovishuku kuwa na wadudu: chombo kilichofungwa kabisa, siku saba. Ukikitoa, usifungue chombo kwa siku nzima, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya kurasa baridi.

Daftari_Langu
Naongeza la tafakuri, maana kusoma katika mji mgeni bila kuandika ni kupoteza nusu. Daftari la kurasa 96 linatosha mwaka. Kila unapofunga kitabu, mistari mitatu: tarehe na ukurasa, sentensi moja iliyokushika, uinakili neno kwa neno, swali moja. Usiandike muhtasari, utachoka wiki ya pili. Ukimaliza kitabu, ngoja siku saba, kisha andika nusu ukurasa bila kukifungua. Kilichobaki kichwani baada ya siku saba ndicho ulichosoma kweli.

Sasa, riwaya za Nairobi ya zamani humpoteza mgeni kwa sababu ya majina. Utasoma mhusika anashuka Government Road, uitafute kwenye simu usiione. Ni Moi Avenue. Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue, Hardinge Street ni Kimathi, Victoria Street ni Tom Mboya, Queensway ni Mama Ngina, Bazaar Street ni Biashara. River Road ilibaki River Road. Yaandike ndani ya jalada la daftari. Kisha Jumapili asubuhi, jiji likiwa jepesi, chukua sura moja na uitembee kwa miguu kama ilivyoandikwa: alipogeuka geuka, aliposimama simama. Utagundua mwandishi alipima wapi na alibuni wapi. Kutoka stesheni ya reli kupanda Moi Avenue mpaka bustani ya Jeevanjee ni mwendo wa dakika 20 hivi, na kwenye bustani kuna viti vya kukaa na kuandika ile mistari mitatu.

Chiriku_wa_Umoja
Nimenakili yote. Jumapili hii naanza na Biashara Street.

Daftari_Langu
Nenda kabla ya saa nne, Chiriku. Maduka mengi yatakuwa yamefungwa, nawe inua macho juu ya mabango: kwenye baadhi ya majengo mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye saruji. Uandike karibu na namba ya ukurasa.