Mbwa Jaki kamng'ata mtoto Imrani: gumzo la kundi la Majirani Kihonda, Morogoro

*Jumatatu*

17:52 Mama Neema: Jamani mbwa wa Baba Kelvin kamng'ata Imrani! Geti lilikuwa wazi. Mwenye usafiri tafadhali 🙏🏾

17:53 Frenki: Niko na bodaboda hapa kona, nakuja

17:53 Dkt. Rehema (daktari wa mifugo): Msiondoke kwanza. Mama Neema, kang'atwa wapi? Damu nyingi?

17:54 Mama Neema: Shavu la mguu wa kulia. Matundu mawili na mchubuko mrefu. Damu inatoka ila si ya kutisha. Mama yake nimempigia, yuko njiani anatoka kazini

17:54 Dkt. Rehema: Fungulia bomba, maji yatiririke juu ya jeraha, uoshe kwa sabuni. Ya kipande ya kufulia inafaa kabisa. Dakika 15, tazama saa. Atalia, mtu amshike, wewe endelea kuosha

17:56 Bi. Zaituni: Poleni wanangu. Msisahau udongo, mate ya mbwa ni najisi. Mara saba, moja kwa udongo

17:57 Ustadhi Hamisi: Shikamoo Bi. Zaituni. Suruali yake tutaitoharisha baadaye, ila kidonda kibichi tusikitie udongo. Dini haimtaki mtu ajidhuru. Tufuate anavyosema daktari

17:58 Bi. Zaituni: Marahaba mwanangu. Haya, nimeelewa

17:59 Dkt. Rehema: Asante Ustadhi. Wala majivu, pilipili, kahawa au mafuta ya taa. Virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate. Vikiwa bado juu ya jeraha, sabuni inaviua. Vikishaingia kwenye mishipa ya fahamu vinapanda mpaka kwenye ubongo, na mgonjwa akishaanza kuogopa maji hatibiki tena. Kwa hiyo maji na sabuni, halafu hospitali jioni hii hii. Msingoje kesho

18:03 Baba Kelvin: Ndiyo naona ujumbe jamani. Niko Msamvu, narudi sasa hivi. Gharama zote juu yangu. Jaki alichanjwa, kadi iko ndani, Kelvin anaitafuta

18:05 Kelvin: Kadi hii hapa 📷

18:06 Dkt. Rehema: Naona ilitakiwa kurudiwa tangu miezi minne iliyopita. Mtoto achanjwe tu. Hata ingekuwa haijapita ningesema aende

18:07 Frenki: Twende hospitali ya mkoa moja kwa moja. Kituo cha karibu dada yangu alifika akaambiwa chanjo imeisha, akapoteza siku nzima

18:20 Frenki: Tumeondoka. Mama yake tunamchukua njiani

21:15 Mama Imrani: Tumerudi. Asanteni sana. Kachomwa ya kichaa, ya pepopunda na nyingine wamezungusha pale pale kwenye kidonda. Tumepewa kadi: leo, siku ya 3, ya 7 na ya 14. Kalala

21:16 Dkt. Rehema: Afadhali. Hiyo kadi Mama Imrani itunze kama cheti cha kuzaliwa. Asiruke hata sindano moja, hata kidonda kikipona

21:24 Frenki: Sasa tuje kwenye huyo mbwa. Nasema bila kificho, usiku huu afe. Sumu ninayo. Leo Imrani, kesho nani?

21:25 Mama Neema: Naunga mkono. Mimi nina watoto watatu wanapita pale kila siku

21:27 Dkt. Rehema: Frenki naomba unisikilize, maana najua unawaza watoto. Huyo mbwa tunamhitaji akiwa hai. Tutamtazama siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku ya kung'ata, ndani ya siku hizo ugonjwa unajitokeza na anakufa. Akizimaliza mzima anakula na kunywa, tutajua Imrani hakuambukizwa. Ukimuua leo tunabaki gizani. Na sumu ya kutega haichagui, ataila paka, ataila kuku, anaweza kuiokota mtoto

21:31 Mzee Mkude: Mimi kama mwenyekiti wa mtaa nasema mbwa hatauawa. Atafungiwa kwa Baba Kelvin, geti lifungwe kwa kufuli, na daktari atapita kumwangalia. Baba Kelvin umesikia?

21:32 Baba Kelvin: Nimesikia mzee. Shikamoo. Itafanyika

*Jumanne*

19:08 Baba Kelvin: Daktari, kinachonisumbua ni kimoja. Jaki alikuwa mpole. Hata kunguruma hangurumi. Iweje ang'ate mtoto ghafla hivi? Au ndiyo kichaa?

19:12 Dkt. Rehema: Nimemwona asubuhi. Anakula, anakunywa, sauti yake ni ile ile, hatoi udenda. Tutaendelea kumwangalia. Ila nikuulize, zamani alikuwa ananguruma?

19:14 Baba Kelvin: Akiwa mdogo ndiyo. Wageni wakija ananguruma, au ukipita karibu na sahani yake. Nilimchapa mpaka akaacha. Sikutaka mbwa mkorofi

19:21 Dkt. Rehema: Basi hapo ndipo penyewe. Na wengi humu mnafanya hivyo hivyo, kwa hiyo naomba tusome wote. Mbwa akinguruma anasema: naogopa, usinisogelee. Hiyo ndiyo hodi yake. Ukimchapa, woga unabaki pale pale, tena unaongezeka kwa sababu sasa mgeni akija anajua na fimbo inakuja. Kinachoondoka ni hodi tu. Ndiyo maana unaona "kang'ata ghafla"

19:23 Mama Neema: Kwa hiyo tumwache tu ananguruma??

19:26 Dkt. Rehema: Akinguruma, simama, rudi nyuma, halafu jiulize anaogopa nini. Ukikiondoa hicho umemaliza. Hata kabla ya kunguruma anakuwa ameshasema. Mwili unakakamaa, anageuza kichwa lakini jicho linabaki kwako mpaka unaona weupe pembeni. Anajilamba mdomo na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Mkia nao msiuamini sana. Ukitikisika taratibu, umesimama juu, na mwili mgumu, huyo hafurahi

19:28 Kelvin: Daktari hiyo ya jicho nimeiona! Wale watoto wakipita Jaki anafanya hivyo hivyo, anakaa kimya anawatazama kwa pembeni

19:29 Dkt. Rehema: Wakipita wanafanya nini?

19:30 Kelvin: Wanarusha mawe kwenye geti. Lile la bati, kwa hiyo ndani ni kama radi. Kila siku saa kumi wakitoka madrasa

19:38 Ustadhi Hamisi: Hili ni langu, na nimelipokea kwa uzito. Kesho nitazungumza nao. Watoto wetu tumewafundisha najisi tukaishia hapo, wakaona mbwa ni wa kupigwa. Hatukuwasomea habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kutomgusa si ruhusa ya kumtesa

19:39 Bi. Zaituni: Umesema kweli Ustadhi

19:40 Mama Imrani: Mwanangu hakurusha jiwe. Alikuwa anafuata mpira

19:42 Dkt. Rehema: Nakuamini, na hana kosa lolote. Mbwa hachagui nani alirusha. Kwake mtoto anayekimbia mbele ya lile geti ndiyo ule mlio wa bati. Alipoona geti wazi akamkimbilia wa kwanza

19:50 Mzee Mkude: Sisi zamani mbwa wa ulinzi tulimfungia gizani na kumpa pilipili ili awe mkali. Walilinda vizuri

19:55 Dkt. Rehema: Shikamoo mzee. Pilipili inamuumiza tumbo, na giza linamfanya aogope kila kitu. Mbwa mwoga anang'ata yeyote aliye karibu, awe mwizi au mjukuu wako. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wa nyumbani na majirani, ndiyo maana anamtambua asiyemjua na kubweka. Mwizi anaogopa kelele

19:56 Mzee Mkude: Marahaba. Hilo la mjukuu limeniingia

20:02 Dkt. Rehema: Na mnyororo. Baba Kelvin usinichukie. Nimeona pale kwenye mwembe, ule mduara ambao hauoti jani. Mnyororo wenyewe haufiki mita mbili. Pale hawezi kukimbia kitu kinachomtisha, na asiyeweza kukimbia amebaki na meno. Siku anafunguka anatoka na yote aliyoyabeba

20:04 Baba Kelvin: Mchana namfunga kwa sababu ya wageni dada

20:07 Dkt. Rehema: Mjengee banda lenye kivuli nyuma ya nyumba, mbali na geti, aweze kuzunguka. Maji muda wote. Asubuhi na jioni Kelvin atoke naye kwa kamba, hata nusu saa. Usiku aachiwe ndani ya ua

20:08 Frenki: Mbao za banda ninazo zilizobaki dukani. Nitakuja kusaidia

20:09 Baba Kelvin: Frenki nashukuru sana ndugu yangu

20:15 Mama Neema: Mimi nilikuwa nataka mtoto wa mbwa. Sasa naogopa. Jirani wa kule chini anatoa, wana wiki nne

20:21 Dkt. Rehema: Wiki nne ni mapema mno. Waache kwa mama yao mpaka wiki 8 angalau. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu mchezo unakatika, na hapo ndipo anajifunza kupunguza meno. Halafu kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12 au ya 14 ndipo anaamua nini cha kawaida na nini cha kutisha. Akija kwako mbebe aone watoto, wazee, mtu mwenye mkongojo, baiskeli, mama aliyevaa baibui, asikie adhana na bodaboda. Mbwa ambao hawajachanjwa asicheze nao, ila kuona na kusikia aone. Wengi tunamfungia ndani muda huo wote halafu akiwa na mwaka tunashangaa anamrukia mpita njia

20:23 Mama Neema: Na kuhasi? Nasikia wakihasiwa wanatulia

20:25 Dkt. Rehema: Inasaidia kwa kuzurura na kupigania majike, na mtaa haujai watoto wa mbwa wasio na mwenyewe. Woga hauponi kwa kuhasi. Na mbwa mzima aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, mlete nimwone. Mara nyingi anaumwa. Sikio, jino, nyonga. Nimeshaona mbwa anayeng'ata kila anayemshika kichwa, kumbe sikio limejaa usaha

*Jumatano*

18:30 Ustadhi Hamisi: Nimezungumza na watoto. Daktari waliuliza swali ambalo sikuwa na jibu: mbwa akiwajia wafanye nini?

18:41 Dkt. Rehema: Wasikimbie, mbio zinamvuta. Wasimame kama mti, mikono imekunjwa kifuani, macho yatazame chini, wasimkodolee. Akinusa anuse. Akichoka ataondoka, ndipo warudi nyuma taratibu. Wakiangushwa wajikunje, uso chini, mikono ifunike shingo na masikio. Na wasimguse mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa, wala jike mwenye watoto

18:43 Dkt. Rehema: Wafundishe na hili. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Mwingine anakuwa kimya, taya limelegea, mate yanatoka, unadhani kakwama mfupa. Mtu anaingiza mkono kumsaidia. Asiguswe, aitwe mtu mzima, nipigiwe simu

18:50 Mama Imrani: Ustadhi tufanye mazoezi ya kusimama kama mti hapo uwanjani Ijumaa. Imrani tangu juzi akisikia mbwa anabweka anaingia chini ya meza. Nataka awe na kitu cha kufanya

18:51 Ustadhi Hamisi: Inshallah. Baada ya Alasiri. Wa kanisani pia walete wao

18:52 Mama Neema: Wangu watatu watakuja

*Alhamisi wiki iliyofuata*

07:20 Dkt. Rehema: Siku ya 10 imetimia. Jaki mzima, anakula. Mama Imrani, hakuambukizwa. Ile sindano iliyobaki waulize hospitali, wao ndio watakuambia

07:22 Mama Imrani: Alhamdulillah 😭 Alhamdulillah

07:23 Baba Kelvin: Mungu mkubwa. Namchanja Jaki tena leo leo

07:31 Dkt. Rehema: Baba Kelvin ngoja mpaka Jumamosi, tuchanje mtaa mzima. Jaki peke yake hatoshi. Duniani kichaa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na tukichanja mbwa 70 katika kila 100 hakipati pa kupita. Pemba walichanja kwa wingi kikaisha, chanjo zilipolegea kikarudi, wakachanja tena kikaisha tena. Mzee Mkude naomba eneo la ofisi ya mtaa

07:35 Mzee Mkude: Umepata. Saa mbili asubuhi. Kila mbwa na kamba yake, na aliyekabidhiwa kamba awe mtu mzima

07:36 Dkt. Rehema: Kuanzia miezi 3. Wadogo zaidi wasubiri. Anayejua mbwa wake anaogopa wenzake anitumie ujumbe, nitampitia nyumbani

07:38 Frenki: Kuna wale wawili wa kule sokoni hawana mwenyewe. Mmoja huwa namtupia mifupa, ananikubali. Nitajaribu kumleta

07:39 Dkt. Rehema: Asante Frenki. Usimlazimishe. Ukishindwa niite, nitakuja na sindano huko huko

07:40 Bi. Zaituni: Mwanangu Rehema, paka wangu naye nimlete?

07:40 Dkt. Rehema: Mlete Bi. Zaituni, na paka wanachanjwa. Mweke kwenye kapu lenye kifuniko