TV imegoma kuwaka: tupeane uzoefu

Mama Pacha, Mbagala
Wakuu, jana umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi, ukakatika tena palepale. Uliporudi mara ya pili friji likanguruma, taa zikawaka, TV kimya. Hata kile kitaa chekundu hakipo. Ni flati ya inchi 32, niliinunua kwa pesa ya kikoba, haijafikisha miaka miwili. Usingizi sikuupata. Aliyewahi kukutwa na haya aniambie alifanyaje.

Kijana wa Buguruni
Pole sana dada. Umenikumbusha tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars na Zambia kule AFCON. Sebule ilijaa majirani, watoto chini kwenye mkeka. Msuva akafunga dakika ya 11, nyumba nzima ikaruka. Kipindi cha pili, giza! Umeme upo, feni inazunguka, TV ndiyo imezima. Nikabonyeza rimoti mpaka kidole kikauma, nikahamisha soketi, nikaipiga makofi mgongoni. Majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja kuelekea kibanda umiza, kule wanakoonyesha mpira kwa kiingilio. Nikabaki na mwanangu tunasikiliza redio ya simu, na Daka anasawazisha dakika ya 88 nimeshika bisibisi mkononi. Niliumia mara mbili. Asubuhi fundi akachomoa waya ukutani, akakandamiza kitufe cha kwenye TV kama dakika moja bila kuachia, akachomeka. Ikawaka.

Msomaji wa Moro
Kweli kabisa, yangu ilipona hivyohivyo.

Fundi wa Tandika
Kijana, fundi wako alikuwa anamaliza chaji iliyobaki ndani. Dada, taa nyekundu ikikosekana anza na vya nje: soketi, ekstensheni, fyuzi ya plagi. Chomeka pasi kwenye soketi hiyohiyo uone. Wengine mnaoona taa nyekundu lakini kioo cheusi, zimeni taa za chumbani mmulike kioo kwa tochi karibu kabisa. Picha ikionekana kwa mbali, zilizokufa ni taa za nyuma ya kioo tu. Msikubali kuuziwa bodi, ile sakiti ya ndani.

Mzee wa Pongwe
Fyuzi ikikatika izungushie karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Nimefanya hivyo tangu enzi za chogo, zile TV za zamani zenye mgongo mkubwa.

Fundi wa Tandika
Shikamoo mzee wangu. Hapo nakupinga. Fyuzi hufa ili TV na nyumba vipone. Ukiweka karatasi, kitakachokatika ni kitu kingine.

Mzee wa Pongwe
Marahaba. Nyumba yangu ipo.

Mwalimu, Dodoma
Mzee, soketi ya shangazi yangu iliyeyuka ukutani kwa karatasi hiyohiyo. Tafadhali usiwafundishe vijana.

Binti wa Ujiji
Naandika mkono unatetemeka. Kaka yangu alifungua chogo letu, likiwa limechomolewa, akijua halina umeme. Mama yuko jikoni, mimi namshikia tochi. Akapeleka bisibisi chini ya ile kofia ya mpira nyuma ya kioo. Nilisikia mlio kama fimbo inavunjika, kaka akarushwa mpaka kwenye kabati, vikombe vyote chini. Hakuweza kusema. Mama aliingia akapiga ukunga mpaka mtaa ukajaa. Mkono wake ulikufa ganzi wiki nzima. Sijafungua TV tena maishani.

Msomaji wa Moro
Mungu wangu. Na sasa anaendeleaje?

Kijana wa Buguruni
Jamani, limechomolewa na bado?

Fundi wa Tandika
Ndiyo. Kioo cha chogo hushika maelfu ya volti. Na flati nazo msizidharau, kapasita kubwa ya pawa, kile kidude kinachotunza chaji, hubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa mkononi mwako. Dada wa Ujiji, mshukuru Mungu.

Binti wa Ujiji
Mzima, ana watoto wanne. Asanteni kwa kuuliza.

Mgeni wa Tabata
Rimoti je? Niliielekeza kwenye kamera ya simu nikabonyeza kuona kama inatoa mwanga, sikuona kitu, nikaitupa.

Mwalimu, Dodoma
Labda ulitumia kamera ya nyuma, nyingi huuzuia mwanga wa rimoti. Jaribu ya mbele.

Mama Pacha, Mbagala
Wakuu nimerudi. Pasi haikupata moto! Nimehamishia TV soketi ya chumbani, kitaa chekundu kimewaka. Watoto wanashangilia huku. Ekstensheni imeungua ndani, inanuka kabisa. Fundi, stabilaiza ya kuikinga na umeme unaopanda na kushuka, kwa flati ya 32, ninunue ya ukubwa gani?