Baa ya LED juu ya paa au spoti mbili kwenye bampa?

Msafiri_Usiku: Wakuu, salama? Naomba ushauri kabla sijatoa hela wiki hii. Natembea sana porini usiku na taa za gari hazinitoshi. Nachagua kati ya baa ndefu ya LED (safu ya taa ndogo) juu ya paa na spoti mbili, yaani taa za duara za kumulika mbali, kwenye bampa. Ipi bora?

FundiWaya: Mkuu, hujasema gari gani, altaneta yake (inayochaji betri) ikoje, unakwenda mwendo gani, na njia yenyewe ni vumbi, tope au vichaka. Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

BampaTu: Spoti, chini. Baa ya juu inamulika boneti, boneti inakurudishia mwanga usoni, mboni inabana na mbele huoni mbali. Nimeshaitoa kwenye gari mbili.

JuuYaKeria: Napinga. Baa irudishwe nyuma kidogo juu ya keria na boneti ibandikwe plastiki nyeusi isiyong'aa, tatizo limekwisha. Mwanga wa juu unaingia ndani ya shimo ukaona kina chake. Taa ya chini inakuonyesha kivuli tu.

Msafiri_Usiku: Samahani, nilisahau. Ni dizeli ya zamani, volti 12. Njia ya vumbi, kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Huwa tuko magari matatu na mimi ndiye wa mwisho.

BampaTu: Wa mwisho kwenye vumbi! Hilo ndilo ungeanza nalo. Taa iliyo karibu na usawa wa macho inageuza vumbi kuwa ukuta mweupe. Weka chini, tena kioo cha njano.

FundiWaya: Chini, sawa. Njano haipenyi vumbi. Chembe za vumbi ni kubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, zinatawanya rangi zote karibu sawa. Njano inapumzisha macho tu.

BampaTu: Macho yakipumzika si ndiyo naona vizuri?

Mzee_Halojeni: Vijana, kabla ya rangi zungumzeni waya. Mimi nilifungiwa halojeni mbili za wati 100 na fundi mmoja, akazipitisha moja kwa moja kwenye swichi ya taa, bila relei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa badala ya swichi ya mkono. Wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17. Siku tatu zilikwenda vizuri. Ya nne, saa nane usiku, nikasikia harufu ya plastiki, nikagusa swichi ikaniunguza kidole. Kabla sijasimama taa zote zikazima, hata za gari, na mbele yangu kulikuwa na kona. Nilisimamisha gari kwa kukumbuka tu njia ilivyokuwa. Nilipofungua kava la usukani, waya mbili zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Tangu hapo relei, na fyuzi karibu na betri, ndipo nazungumza na mtu.

JuuYaKeria: Pole sana mzee. LED zinakula umeme kidogo kwa mwanga uleule.

RedioKoli: Lakini LED za bei rahisi zinaharibu redio. Nikiwasha yangu, nasikia mkwaruzo tu, siwapati wenzangu wa mbele. Nimefunga vichujio viwili, bado. Kuna aliyefanikiwa?

FundiWaya: Redio, waya wake wa chanya na hasi upeleke hadi kwenye betri yenyewe. Msafiri, nawe kabla hujanunua chochote, washa fulu (taa za mbali) injini ikiwa inanguruma, pima volti kwenye betri, kisha kwenye soketi ya balbu. Halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga.

Msafiri_Usiku: Nimepima. Betri 13.8, soketi ya kushoto 11.9, kulia 12.3.

FundiWaya: Umeona! Volti zinapotea kwenye waya kabla ya kufika kwenye balbu. Pima na upande wa hasi: kutoka mguu wa hasi wa balbu hadi bodi.

BampaTu: Hata akirekebisha, spoti atazihitaji.

Msafiri_Usiku: Bolti ya hasi ya kushoto ina kutu imevimba, haifunguki. Naikata au kuna njia nyingine?