Tupeane uzoefu: Wachina wanavyozungumzwa na wageni wenzao, hapa pwani na ughaibuni

Mlinzi wa Baraza, Malindi

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote, ndugu zangu wa pwani na mlio mbali. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisimamia nyumba za kupangisha wageni hapa Malindi, kazi inayoniweka karibu na meza za Wazungu waliohamia mji huu, wengi wao wakiwa Waitaliano, ingawa Waingereza na Wajerumani pia wapo. Ni watu ninaowaheshimu, na baadhi yao wamezeeka hapa na kuzikwa hapa. Hata hivyo kuna mazungumzo ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, nayo ni jinsi wanavyowasema Wachina.

Nitatoa kisa kimoja. Msimu uliopita kundi la wakazi hao lilikuwa likila pweza wa nazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, na meza chache kutoka kwao aliketi Mchina mmoja na mkewe, waliokuja kupumzika mwisho wa wiki. Bwana mmoja kati ya wale wakazi alivuta pembe za macho yake kwa vidole, akaigiza sauti za puani, na wenzake wakaangua kicheko. Kisha akalitamka tusi la Kiitaliano linalomwita mtu uso wa manjano, tena bila kupunguza sauti. Yule mama wa Kichina aliweka uma wake chini, akachukua simu, akawa anapitisha picha moja baada ya nyingine bila kuzitazama. Mhudumu wao, kijana wa Maweni anayekijua Kiitaliano vizuri kuliko mimi, alitabasamu kwa sababu aliyeajiriwa kuhudumu hana ruhusa ya kununa.

Malalamiko yaliyofuata ndiyo yaliyonishangaza zaidi kuliko tusi lenyewe. Walisema kwamba Wachina wamekuja kunyakua, kwamba hawachanganyiki na wenyeji, kwamba wanakula peke yao, hawajifunzi lugha ya watu na fedha zote wanazipeleka kwao. Nilikuwa nimesimama kando nikiyasikiliza, na kutoka pale niliuona ukuta mrefu wa nyumba ya mmoja wao, wenye vigae vya chupa juu na bango la Kiitaliano langoni.

Sidai kwamba sisi wenyeji tu safi, maana vijana wetu wa bodaboda humpigia kelele za kejeli kila mwenye sura ya Asia ya Mashariki, awe Mjapani, Mkorea au Mchina. Ila naona dharau hii ya mezani kwa wageni ina nguvu ya pekee, kwa kuwa inasemwa na watu ambao vijana wetu huwategemea kwa mshahara, na anayemtegemea mtu hujifunza hata dharau zake. Naomba tupeane uzoefu: mmeyasikia wapi, yalitoka kinywani mwa nani, na kilifuata nini. Majina ya watu na ya biashara tuyaache.

Nahodha wa Mkanda, Lamu

Mzee wangu, nakushukuru kwa mada, lakini sisi wa Lamu tuna jambo la kuongeza kabla ya kuhukumiwa pamoja na Wazungu wako. Gati la kwanza la bandari ya Lamu, iliyojengwa na kampuni ya Kichina, lilifunguliwa Mei 2021, ila bahari ilikuwa imeanza kuchimbwa miaka mingi kabla yake, mikoko ikakatwa, na tope likafunika matumbawe ambako tulikuwa tukitega. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba wavuvi tulipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na tangu siku ile tumesubiri, tumekata tamaa, tumeitwa mikutanoni na kusubiri tena. Mvuvi anaposema barazani kwamba Mchina ametuharibia bahari, anazungumza mtu aliyerudi na dema tupu, wala huwezi kumweka kundi moja na mlaji wa pweza anayechezea macho yake.

Lakini nitakubaliana nawe katika jambo moja, na nitalieleza kwa urefu. Wakati wa mapambano dhidi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, wenye uwezo wa megawati 1,050, baadhi ya Wazungu wenye nyumba Shela walisimama nasi, na msaada wao ulikuwa wa kweli. Katika kikao kimoja, bwana mmoja kati yao alisimama kuzungumza, na kila tulipotaka kuuliza kuhusu majivu, kuhusu maji ya moto yatakayomwagwa baharini na kuhusu jinsi wananchi walivyoshirikishwa, yeye aliturudisha kwa Wachina: tabia zao, chakula chao, uchafu wao, na namna ambavyo, kwa maneno yake, wao ni kama maradhi. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alinong'ona akiuliza kama bwana huyu amekuja kupinga mtambo au kupinga watu. Ukweli ni kwamba fedha nyingi za mradi zilitarajiwa kutoka China, lakini kampuni iliyoomba leseni ilikuwa ya Kenya, na serikali iliyoutaka mradi ilikuwa yetu wenyewe. Leseni ya mazingira ilipofutwa na baraza la rufaa za mazingira Juni 2019, ilifutwa kwa sababu ya tathmini yenye kasoro na wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Utaifa wa mtu yeyote haukuwa sehemu ya hoja. Laiti tungemfuata yule bwana, tungekwenda mbele ya baraza na matusi mikononi badala ya ushahidi.

Mshenga

Jamani, pwani ni watu wa utani. Mbona mnalifanya kubwa jambo la kucheka tu?

Mlinzi wa Baraza, Malindi

Ndugu Mshenga, utani wetu una watani. Mtu humtania mtani wake, naye hurudishiwa papo hapo, na hata msibani wanajua mpaka wao. Yule mama wa Kichina hakuwa mtani wa mtu yeyote pale, wala hakupewa nafasi ya kurudisha.

Msafiri wa Vipuri

Mimi ni mtu wa Malindi, na niliishi Guangzhou miaka kadhaa nikinunua vipuri vya pikipiki na kuvituma Mombasa. Nilipanga Xiaobei, mtaa unaojulikana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika. Mlinzi ametuonyesha mgeni anavyomsema mgeni mwenzake. Mimi niliona wageni wakimsema mwenyeji akiwa ndani ya nchi yake mwenyewe.

Kulikuwa na ukumbi mmoja wa vinywaji uliopendwa na walimu wa Kiingereza kutoka Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, nami nilikuwa nikienda kutazama mpira na kunywa soda yangu. Walinipokea vizuri. Haikuchukua muda nikaelewa kwamba kiingilio cha meza ile kilikuwa kuwasema Wachina: wanavyotema mate, wanavyosukumana kwenye foleni, wanavyozungumza kwa sauti ya juu. Matusi ya rangi yalitumika kwa wepesi, mbele ya mabinti waliokuwa wakituhudumia, kwa imani kwamba hawaelewi, ilhali mmoja wao alikuwa akisoma Kiingereza chuo kikuu na alinitajia baadaye maneno yote kwa ufasaha. Niliwaona Waafrika wenzangu wakijiunga na kicheko kile kwa shauku, na sababu yake haikunificha. Mtu aliyeshinda kutwa akitazamwa kama kioja, akiona abiria wa treni akihama kiti kwa ajili yake, hupata nafuu jioni anapoalikwa kucheka upande wa wenye nguvu.

Jioni moja nilitoka kupokea simu, na niliporudi nilimkuta bwana mmoja wa pale akiwaeleza wenzake habari za Wanaijeria wa Xiaobei. Alitumia sentensi zilezile alizozoea kuzitumia kwa Wachina, kuhusu sauti, uchafu na udanganyifu, akabadilisha jina la taifa tu. Aliponiona alinigonga begani akasema kwamba mimi si kama wao. Nililipa soda yangu, na mpira wa wiki iliyofuata niliutazama chumbani.

Msidhani ninawatetea Wachina kwa kila jambo. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli zao bila kujali walikuwa wamesafiri au la, nami nilikuwa miongoni mwao, na mwenye nyumba hakutaka hata kuitazama karatasi yangu ya vipimo. Waliotuletea maji na tambi kando ya barabara walikuwa wanafunzi wa Kichina. Wiki chache kabla yake, nyumbani Kenya, Wachina walikuwa wakizomewa barabarani kwa ugonjwa huohuo. Dada yangu alinitumia picha ya tukio mojawapo huku akicheka, na ilinibidi nimpigie simu nikiwa bado na mabegi miguuni.

Mama Wawili

Nilikuwa Doha mwaka huo, nikifanya usafi hotelini. Mwenzangu wa chumbani alikuwa Mfilipino, na watoto wa mtaa walimwita Mchina na kumkimbia wakiziba pua. Wasimamizi wetu, waliotoka nchi mbalimbali, waliona ni mchezo, mpaka mgeni mmoja wa hoteli alipokataa kusafishiwa chumba naye. Hapo wakamhamishia stoo, mahali asipoonekana. Mshahara wake ulipunguzwa kwa sababu stoo haina bahashishi.

Fundi wa Barabara

Mimi nilimfanyia kazi mkandarasi mmoja wa Kichina wa barabara, ambaye sitamtaja. Msimamizi wetu alikuwa kijana mgeni kabisa, na maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyashika yalikuwa mjinga, mvivu na mwizi. Tulimchukia sana, na haki ilikuwa yetu, kwa sababu alikuwa akitugonga kofia za kazini kwa fimbo ya kupimia. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyapara wetu, Mkenya mwenzetu, ndiye aliyemfundisha maneno hayo akimwambia kwamba bila hayo Mwafrika hafanyi kazi.

Mnakumbuka Septemba 2018, Mchina aliyerekodiwa akiwaita Wakenya wote nyani, Rais akiwemo, alikamatwa na kufukuzwa nchini upesi sana. Nilifurahi kama wengine. Lakini Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inayotoza anayeeneza chuki faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, haikuandikwa kwa ajili ya kuwalinda Wakenya dhidi ya Wachina peke yao. Mlinzi, huyo bwana wako wa pweza angeulizwa na nani?

Mlinzi wa Baraza, Malindi

Na hakuna, ndugu yangu. Nilizungumza na meneja, naye akasema mteja yule huja na watu wengi. Kijana wa Maweni nilimwambia kwamba yakitokea tena aondoke mezani aniite, nitahudumu mwenyewe, kwa kuwa mimi nikifukuzwa nina pa kwenda. Nahodha, nimeyapokea uliyosema kuhusu dema tupu. Sitayachanganya tena mambo hayo mawili.

Kijukuu cha Siyu, Pate

Kwetu habari hii ina sura nyingine. Wazee wa Siyu na Shanga wamesimulia tangu zamani kwamba mabaharia wa Kichina walizama karibu na Pate, wakakubaliwa kuishi na wenyeji baada ya kumuua chatu aliyekuwa akiwasumbua. Shangazi yangu, kwa sababu ya macho yake, aliitwa Mchina kwa kejeli tangu utotoni, na alipoolewa Amu wifi zake waliendelea. Mwaka 2005 binti mmoja wa kisiwani alipochukuliwa kwenda kusoma China kwa ajili ya nasaba hiyo, mambo yaligeuka ghafla. Wageni wenye kamera walimiminika, na wifi walewale wakaanza kuuliza kama nao hawana damu hiyo. Shangazi alikataa kupigwa picha. Alisema kwamba walipomcheka hawakumuuliza babu yake alikuwa nani, kwa hiyo sasa wasimuulize.

Wakati huo alikuwepo Mzungu mmoja mkazi wa Lamu aliyekuwa akiwaongoza waandishi wa habari, akiwaambia mbele yetu kwamba haya ni propaganda na kwamba watu hawa wa visiwani hudanganywa kirahisi. Nakubali kwamba hadithi ya chatu haina hati, na mtu ana haki ya kuitilia shaka. Lakini alikuwa amesimama ndani ya ua wetu, mkononi ana kikombe cha kahawa yetu.

Mchimbaji wa Mambrui

Kijukuu umenikumbusha. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na wa China walipochimba hapa Mambrui, mimi nilikuwa miongoni mwa vibarua waliobeba karai na kuchekecha udongo. Ilipatikana sarafu ya shaba ya enzi ya Mfalme Yongle, yuleyule aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, na habari zikaenea. Siku chache baadaye wakazi wawili wa Kizungu walikuja kutazama mashimo, wakamweleza msimamizi wetu, Mkenya wa makumbusho, kwamba bila shaka Wachina wameitia sarafu ile mfukoni kutoka kwao na kuifukia usiku, kwa kuwa Wachina ni watu wa bidhaa bandia. Mtaalamu wa Kichina aliyekuwa akichora tabaka za udongo alisikia kila neno, akaendelea kuchora.

Msimamizi aliwajibu kwa adabu kwamba sarafu husafiri kwa biashara kupitia mikono mingi, na kuiona hapa hakumaanishi lazima Mchina mwenyewe alishuka nayo pwani, kwa hiyo nafasi ya kubishana kitaalamu ipo kubwa. Akawaalika waje waone vipimo na kuuliza maswali yote wanayotaka. Walisema wana haraka. Mmoja wa vibarua, mzee wa hapa Mambrui, akawauliza kwa Kiitaliano kama ile nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi nayo wamewahi kuitilia shaka namna hiyo, na yule bwana akacheka, akasema kwamba hilo ni jambo tofauti. Mzee akamuuliza tofauti yake ni ipi. Mpaka gari linaondoka, alikuwa bado anamsubiri amjibu.