Tarakimu zote kwenye habari ni za kweli, lakini imenionea. Nyie huwa mnazipimaje habari?

MamaWaMwaloni

Habari zenu wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nauza dagaa mwaloni hapa Mwanza, huu ni mwaka wa 19. Wiki tatu zilizopita alikuja kijana wa gazeti, mwenye adabu zake, akaniamkia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuniuliza kwa nini bei imepanda. Nikamweleza kama ninavyomweleza mteja yeyote: ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Maji yakiwa meusi, dagaa wanaifuata taa, wavuvi wanawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu Ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi tena, basi mitumbwi inavutwa nchi kavu na watu wanakaa kushona nyavu. Wiki nzima, wengine mpaka siku kumi. Mzigo unakata, bei inapanda. Giza likirudi, inashuka. Bibi yangu aliuza dagaa na aliyakuta hayo.

Nikamtajia na bei. Ndoo kubwa ilikuwa 26,000, siku ile ilifika 37,000. Akaandika yote, akanipiga picha nimekaa, viroba vyangu vitano viko nyuma.

Jumamosi mdogo wangu ananipigia kutoka Kahama, sauti imebadilika: "Dada, umefanya nini?" Nikaenda kununua gazeti. Picha yangu imechukua robo ya ukurasa, na juu yake kwa herufi kubwa: WALANGUZI WAPANDISHA BEI YA DAGAA. Chini ya picha: "Mfanyabiashara akiwa na shehena yake ya dagaa." Viroba vile vitano ndiyo mtaji wangu wote, na vimeitwa shehena.

Nimeisoma habari ile labda mara ishirini. Linaloninyima usingizi ni kwamba siwezi kuweka kidole mahali nikasema hapa pana uongo. 26,000 ni kweli. 37,000 ni kweli. Soko ndilo, mwenye picha ni mimi. Mbalamwezi haikutajwa hata mara moja. Wateja wangu wawili wa siku nyingi sasa wanapita kwa jirani.

Kuna kitu kingine, nacho kinanichoma zaidi. Mwaka jana nilisoma habari ya kijana fundi simu wa mtaa wa pili. Alipigwa picha amechuchumaa, simu zimepangwa chini mbele yake. Niliamini pale pale. Nikaacha hata kumsalimia. Baadaye nikasikia kwa majirani kwamba kesi ilifutwa, simu zilikuwa za wateja wake. Hilo gazetini sikuliona. Sasa naona watu wananisoma mimi kama nilivyomsoma yeye.

Ndiyo maana nauliza. Habari ya dagaa nimeijua kwa sababu ni kazi yangu. Ya pamba je, ya hospitali, ya Dodoma bungeni? Nyie mnaosoma kila siku, mnajuaje kwamba habari ni sahihi, na kwamba waliotajwa ndani yake wametendewa haki?

Kalamu_ya_Mkoani

Marahaba mama, na pole sana.

Nimeandika habari za mikoani miaka 22, nikilipwa kwa kila habari inayotoka. Nianze na jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui: mwandishi wa mkoani haandiki kichwa cha habari. Anatuma maandishi na picha, kichwa kinawekwa Dar es Salaam na mtu ambaye hajanusa mwalo wenu. Na habari ikizidi nafasi hukatwa kutokea chini. Kama kijana aliweka mbalamwezi aya ya tisa, na ukurasa ukawa na nafasi ya aya saba, mwezi wako umebaki chumba cha habari. Simtetei. Angekuwa ameielewa habari yake, mbalamwezi ingekuwa aya ya kwanza, kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Sasa swali lako. Chukua penseli na hilo gazeti, uzungushie kila kitenzi cha kusema. "Alisema" kina mwenyewe, unaweza kumfuata ukamuuliza. Ila kuna "imeelezwa", "imebainika", "inasemekana". Kila ukikutana na hivyo uliza: na nani? Kiswahili chetu kinakiacha kitenzi kisimame peke yake bila mtendaji na sentensi ikasikika imekamilika. Mwandishi asiye na ushahidi anajificha hapo.

Lakini usivitupe vyote kapu moja. "Anadaiwa kuiba" ni kitu kingine. Kile kinamlinda mtu. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Kwa hiyo habari ya yule fundi simu itafute uisome tena: maandishi yalisema "anadaiwa" au yalisema "mwizi"? Na hata kama yalisema "anadaiwa", picha ya mtu amechuchumaa inasema nini?

Halafu kuna sentensi hii mnayoijua nyote: "Jitihada za kumpata hazikufanikiwa, simu yake iliita bila kupokelewa." Ukiisoma, jiulize alipigiwa mara ngapi, na saa ngapi. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuiandika mimi. Mwalimu mkuu mmoja alituhumiwa kula michango ya wazazi. Nilikuwa na siku tatu za kumtafuta, nikampigia mara moja tu, saa kumi na moja na nusu jioni, ukurasa unafungwa saa kumi na mbili. Siku ile alikuwa mazikoni. Sentensi yangu ilikuwa sahihi kila neno. Nilimwomba radhi mwaka uliofuata tulipokutana stendi, akanipa mkono, lakini sijaisahau.

Na neno lenyewe "mlanguzi", mama, mhariri kijana hajui uzito wake. Sisi tuliokuwepo mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, tuliona watu wakitupa sukari na vitenge porini usiku kwa hofu ya kukutwa navyo. Mtu wa umri wangu akiona neno hilo juu ya picha yako, hawazi bei ya ndoo. Anawaza pingu.

MamaWaMwaloni

Asante sana mzee wangu. Nimefanya ulivyosema, jana usiku baada ya kufunga hesabu.

Aya ya pili: "Imeelezwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara wasio waaminifu wanaficha mzigo ili kusubiri bei ipande." Nimezungushia. Na nani? Hakuna. Aya ya nne: "Imebainika kuwa hali hiyo imewaumiza wananchi wa kipato cha chini." Na nani? Hakuna.

"Alisema" iko moja tu kwenye habari nzima, nayo ni yangu, pale nilipotaja 26,000 na 37,000. Yaani mshitaki hana jina. Shahidi pekee mwenye jina na sura ni mimi, na ushahidi wangu ndio umetumika kunihukumu. Nilikaa kimya muda mrefu baada ya kuliona hilo.

Chaki_na_Ubao

Dada, mimi nafundisha hesabu sekondari, Bukoba. Nikuongezee kipimo changu, ni chepesi: jumlisha.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua uwanja wa hapa kwetu. Ndani walikuwemo watu 43, abiria 39 na wafanyakazi wa ndege wanne, marubani wakiwemo. Siku hiyo hiyo vyombo vikatangaza kwamba waliookolewa ni 26. Jioni ikatangazwa kwamba waliofariki ni 19. Nilikuwa nyumbani na wanafunzi wawili wanaosoma kwangu, mmoja akauliza: "Mwalimu, 26 na 19 si ni 45?" Watu wawili wamezidi. Taarifa zilikuwa zinasambaa na hizo namba mbili zimekaa karibu, wasomaji wanazipita.

Hesabu iliyokuja kusimama ni 19 waliofariki na 24 walionusurika. Hapo 43 inatimia.

Sikuona kwamba kuna mtu alidanganya. Waliofikishwa hospitalini na waliokuwa ndani ya ndege ni makundi mawili tofauti, na siku kama ile mvuvi, askari na daktari kila mmoja anahesabu anachokiona. Nilichojifunza ni kwamba namba ya saa za kwanza ni ya muda. Huwa naangalia gazeti limeandika "mpaka tunakwenda mitamboni" au limeiandika kama vile imeshafungwa. Na kesho yake narudi kuona kama wamesema wazi "jana tuliandika 26, sahihi ni 24", au wamebadilisha kimyakimya. Chombo kinachosahihisha waziwazi nakiamini zaidi ya kile ambacho sijawahi kukiona kikikosea.

Yako si ya aina hiyo, dada. Namba zako zinajumlika. Kilichokosekana ni sababu.

JikoLaShinyanga

Mimi nitasema tofauti, mama anisamehe. Napika wali na dagaa hapa Shinyanga, nanunua kila wiki. Wanaoficha mzigo WAPO. Nimewahi kuambiwa "dagaa hakuna" na mlango wa ghala uko wazi nyuma ya muuzaji, naviona viroba vimefika darini. Gazeti likiandika walanguzi, sisi wanunuzi tunasema afadhali kuna mtu ametusemea. Umeumia, sawa, lakini kuumia hakufanyi habari iwe ya uongo. Tukipima habari kwa uchungu wa aliyetajwa, hakuna mla rushwa atakayeandikwa nchi hii.

MamaWaMwaloni

Mwanangu wa Shinyanga, umesema kweli na sitaikwepa. Wapo. Jirani yangu mmoja mbalamwezi ile alikuwa na viroba zaidi ya arobaini ndani na hakuviuza mpaka siku ya nane. Nilijua. Mwandishi hakuniuliza habari hiyo, nami sikumwambia, kwa sababu tunaishi pamoja na mtoto wake ananiita shangazi.

Kwa hiyo nakubali, habari ya wanaoficha mzigo ilistahili kuandikwa. Kama angekwenda kwenye lile ghala, akahesabu, akamuuliza mwenyewe kwa nini hauzi, akaandika jibu lake, na akaandika na mbalamwezi ili msomaji ajue kiasi gani ni mwezi na kiasi gani ni mtu, ningeinunua nakala mbili. Ila picha ingekuwa ya ghala, si yangu mimi niliyeuza mpaka kiroba cha mwisho.

Hakimu_wa_Mtaa

Mama, haya mengine ni mazuri, lakini una haki ya kudai. Kata ukurasa huo, andika tarehe na namba ya ukurasa. Mwandikie mhariri kwanza. Usiandike "mmenichafua" peke yake, nukuu kichwa chao, kisha sema picha hii ni ya nani na alieleza nini. Omba mambo mawili tu: wasahihishe, na wachapishe maelezo yako. Wakinyamaza, liko Baraza la Habari Tanzania. Lilianzishwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe, si mahakama, linawakalisha mlalamikaji na chombo cha habari wasuluhishwe. Si lazima uwe na wakili.

Na kama unaye mtu aliyekuwepo ukimweleza mwandishi kuhusu mwezi, jina lake liweke.

MamaWaMwaloni

Aliyekuwepo yupo, ni binti anayenisaidia kuanika. Anakumbuka mpaka kijana alivyouliza mara mbili, "mwezi huu wa angani?"

Barua nimeandika jana, mpwa wangu ameituma kwa barua pepe. Ina mistari kumi na moja. Niliandika kwanza ukurasa mzima wa hasira, nikauchana. Nimeweka na bei ya wiki hii, maana giza limerudi, mitumbwi inatoka kila jioni, ndoo leo asubuhi nimeuza 27,000. Nimemwandikia mhariri kwamba akitaka kuhakikisha, atazame kalenda ya mwezi aiweke kando ya bei za soko, miezi mitatu tu.

Na kwa fundi simu nilikwenda juzi. Nilipeleka simu yangu, kioo kilikuwa na ufa wa siku nyingi. Akaipokea kwa mikono miwili, "shikamoo mama," akakaa akaifungua. Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia niliisoma ile habari yake na niliiamini. Akaendelea kufungua skrubu, kisha akaniuliza kama ile ya kwangu ya walanguzi nayo ni ya kweli, kwa sababu mama yake alikuwa ameacha kununua kwangu.