Majirani wa Kona: Simba na boti

Mama Shiru: Hamjambo majirani. Jumamosi tunashuka Naivasha, tutapanda boti. Watoto wamekataa kumwacha Simba. Kuna aliyewahi kupanda na mbwa?

Baba Otis: Simba akiona paka mtaa mzima hatulali. Sasa kiboko je? 😂

Kevo: Mfungeni kamba kwenye kiti, atatulia.

Mama Zawadi: Kevo, hapana! Boti ikipinduka anazama nayo. Mshikeni kwa mkono.

Kevo: Si mbwa wote wanajua kuogelea?

Mama Zawadi: Waulize wenye bulldog. Kichwa kizito, miguu mifupi, anazama kama jiwe. Simba ataogelea, sawa, lakini atarudi botini vipi? Mwaka juzi wetu aliruka kufuata ndege, mwari. Kilo 35 na manyoya yamelowa! Tulimvuta watu watatu, boti ikalala upande nikadhani sote tunamfuata. Na viboko wako pale pale kwenye migunga iliyokauka, nahodha anatuambia tuharakishe 😩

Mama Shiru: Wueh! Basi tumwache?

Mama Zawadi: Aende, ila mtafutieni jaketi okozi la mbwa, lenye mpini mgongoni. Hapo unamwinua kama mkoba. La mtoto halimfai, litamtoka. Na alivae nyumbani kwanza, azoee.

Mzee Kariuki: Mpigieni mwenye boti mapema. Wengine hawataki mbwa kabisa, mtafika mgeuzwe.

Mama Shiru: Asante mzee, sikuwa nimewaza hilo.

Baba Otis: Nendeni asubuhi pia. Alasiri upepo wa Naivasha hauna mchezo.

Mama Zawadi: Kweli. Na bebeni maji yake kutoka nyumbani. Ziwa likiwa na ule utando wa kijani asilinywe, una sumu, unaweza kumuua. Akilowa humo muosheni kabla hajajilamba. Taulo pia, sakafu ya boti ikipigwa na jua inamchoma nyayo.

Kevo: Mimi pia sijui kuogelea, kuna jaketi lenye mpini la saizi yangu?

Baba Otis: Wewe tutakufunga kwenye kiti.

Mama Shiru: 😂😂 Jamani, Shiru amemvalisha Simba jaketi lake la kuogelea. Amekwama chini ya meza, miguu minne juu.

Mama Zawadi: Nilisema lisiwe la mtoto!