Mfumo ukistaafishwa, msimbo chanzo ubaki kwa nani? (Mjadala)

Mleta mada:
Wadau, nawasalimu. Kampuni ikiacha kuhudumia mfumo endeshi wake, je, ilazimishwe kuwaachia wateja msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu ambayo mtaalamu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha? Mimi nasema ndiyo, tena kwa sheria.

Kilichonifikisha hapa ni O2, kompyuta ya kampuni ya SGI ya mwaka 1996 inayotumia IRIX, mfumo endeshi wa SGI wenyewe. Iko kwenye maabara moja, inaendesha mtambo wa sumaku wa kuchunguza molekuli. Mtambo ni mzima kabisa, na data zake hutoka kwa FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili kupitia mtandao. SGI waliacha kutengeneza mashine za IRIX Desemba 2006, na huduma ikakoma Desemba 2013. Seva ya FTP (programu inayotoa faili hizo) iliyokuja na mfumo haina msimbo wazi, huna pa kuigusa. Ikabidi nichukue nyingine yenye msimbo wazi, niihamishie IRIX.

Siku tatu zilipotelea kwenye snprintf, amri ya lugha ya C ya kuandika maandishi ndani ya nafasi yenye kikomo. C99, kanuni ya lugha hiyo, inasema maandishi yasipoenea kwenye nafasi uliyoyatengea, urudishiwe urefu ambao ungehitajika. Ya IRIX hairudishi hivyo. Seva ikapokea njia ndefu ya folda, ikaamini imeenea yote, kumbe imekatwa mkia. Mtafiti anaambiwa faili halipo, na analiona kwa macho yake kwenye skrini ya O2! Nikaandika snprintf yangu, tatizo likaisha.

Hata matundu makubwa ya usalama mara nyingi huzibwa kwa kidogo. Mnaoikumbuka wu-ftpd, seva ya FTP ya Washington University, mwaka 2000 maandishi ya mgeni kwenye amri ya SITE EXEC yalikuwa yakitumika moja kwa moja kama kiolezo cha uchapaji, na mshambuliaji akaweza kuendesha amri kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Tazameni tiba ya mstari wenyewe: lreply(200, cmd) ikawa lreply(200, "%s", cmd), yaani maandishi ya mgeni yachapwe tu kama yalivyo. Herufi chache tu. Sasa bila msimbo chanzo, herufi hizo utaziweka wapi?

Mchangiaji:
Mkuu, kwa heshima, hapa sikubaliani nawe. FTP hupitisha nywila waziwazi. Debian, watengenezaji wa toleo moja la Linux, walizima seva zao za umma za FTP tarehe 1 Novemba 2017, na Firefox wakaiondoa mwaka 2021. Weka kompyuta ndogo ya Linux mbele ya hiyo O2 iikinge na mtandao, kazi iendelee. Halafu ndani ya IRIX kuna msimbo wa System V, toleo la mfumo wa Unix, ambao ni mali ya watu wengine. SGI wangetoaje kisicho chao? Na wewe mwenyewe utaitunza seva hiyo hadi lini?

Mleta mada:
Ndugu yangu, kuhusu nywila umesema kweli, na ndiyo maana seva yangu inapokea wito kutoka anwani moja tu: ya kompyuta hiyohiyo ya Linux unayoisema. Tulishaiweka. Lakini nayo inachota data O2 kwa FTP, kwa hiyo seva bado inatakiwa, na inatakiwa iwe nzima.

Mali ya wengine, hapo ni pagumu, nakubali. Ila SGI haohao waliutoa XFS, mfumo wao wa faili, kwa GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha msimbo. Leo XFS unabeba data kwenye seva za Linux duniani kote, na kampuni ya Red Hat wameufanya chaguo la kwanza tangu RHEL 7, toleo la saba la Linux yao. Walipotaka kutenganisha chao na cha wenzao, waliweza. Sheria ingewadai hilohilo tu: kilicho chenu kitoeni, kisicho chenu kitajeni, ili tujue cha kuandika upya.

Umeuliza hadi lini. Saa ya O2 inahesabu sekunde kwa biti 32, na hesabu hiyo itafurika, yaani itaishiwa nafasi, tarehe 19 Januari 2038. Seva yangu nimeshaanza kuiandaa kwa siku hiyo, kwa sababu msimbo wake ninao. Kiini cha IRIX siwezi kukigusa.